Kinywani mwa Kisima: Ziara ya Siku Moja Chichén Itzá

1. Utangulizi

Katika rasi ya Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko, kuna safari ya siku moja ambayo wageni wengi huifanya kwa namna ile ile. Asubuhi hupelekwa kwa basi kutazama magofu ya Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya. Mchana hupelekwa kuogelea katika shimo kubwa la maji ambalo wenyeji huliita senote, na jioni hurudishwa hotelini. Katika karatasi za matangazo mambo hayo mawili hutajwa mbalimbali, kana kwamba magofu ni somo na senote ni mapumziko baada ya somo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo unapotosha. Magofu na maji ni habari moja, na ushahidi wa kwanza umo katika jina la mji wenyewe.

Katika Kimaya cha Yucatán, chi' ni kinywa au ukingo, ch'e'en ni kisima au pango lenye maji, na Itza' ni jina la watu waliokaa mahali hapo. Chichén Itzá, basi, maana yake ni "kinywani mwa kisima cha Waitza". Msomaji wa Kiswahili ameizoea ritifaa katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo, lakini katika Kimaya alama hiyo ina kazi nyingine: inaonyesha kwamba pumzi inakatwa kooni. Neno senote nalo limetoka katika lugha hiyo hiyo. Wamaya husema ts'ono'ot; Wahispania walipolisikia wakaliandika cenote, kwa kadiri masikio yao yalivyoweza kulipokea.

Mtu akitaka kulitafsiri neno hilo kwa Kiswahili atapata taabu. Kisima, kwa kawaida, huchimbwa na watu. Senote haikuchimbwa na mtu. Chemchemi hububujika, maji ya senote yametulia. Ziwa lina fukwe. Senote ina kuta za mawe. Pango lina paa. Senote nyingi zimekwisha kupoteza paa lake. Kwa sababu hiyo tutaliacha neno kama lilivyo na kulieleza, badala ya kulitafsiri.

2. Nchi isiyo na mito

Msomaji aliyekulia kando ya mto Lualaba atashangaa kusikia kwamba sehemu ya kaskazini ya rasi ya Yucatán, mahali ambapo mvua hunyesha kila mwaka, karibu haina mto wowote juu ya ardhi. Sababu ni mwamba. Nchi nzima ni tambarare ya mawe ya chokaa yenye nyufa na matundu. Mvua ikinyesha, maji hayakusanyiki kuwa kijito, bali huzama moja kwa moja chini. Maji ya mvua yana ukali kidogo, nao huyayeyusha mawe ya chokaa polepole. Kwa muda wa maelfu mengi ya miaka nyufa zikawa njia, na njia zikawa mapango.

Zamani za barafu kuu, usawa wa bahari ulipokuwa chini sana kuliko leo, mapango mengi yalikuwa makavu, na matone yaliyodondoka kutoka juu yalijenga nguzo za mawe yaning'iniayo. Nguzo kama hizo haziwezi kujengeka ndani ya maji. Kwa hiyo wazamiaji wanapozikuta leo chini ya maji, wanajua kwamba zamani pango lilikuwa na hewa. Bahari ilipopanda, maji ya chini ya ardhi yalipanda nayo na kuyajaza mapango. Pale ambapo paa la pango lilishindwa kujishika likaanguka, senote ilizaliwa.

Wageni mara nyingi huambiwa kwamba senote zilichimbwa na kimondo kikubwa kilichoanguka huko miaka milioni 66 iliyopita. Kauli hiyo inahitaji kurekebishwa. Kimondo kilianguka kweli, na shimo lake, liitwalo Chicxulub, limefunikwa na tabaka za mawe zilizokuja baadaye. Ni kweli pia kwamba upande wa kaskazini-magharibi wa rasi senote nyingi zimejipanga kwa duara kufuata ukingo wa shimo hilo. Lakini mchimbaji wa senote ni maji, wala si kimondo. Nacho kiliacha tu alama iliyoyaelekeza maji mahali pa kupita.

3. Asubuhi: mji wa mawe

Mgeni atokaye Cancún husafiri kiasi cha kilomita 200 kuelekea magharibi. Akivuka mpaka wa jimbo la Quintana Roo na kuingia jimbo la Yucatán, saa hurudi nyuma kwa saa moja, jambo linalowachanganya wengi. Mlango wa magofu hufunguliwa saa mbili asubuhi, na afadhali kufika saa hiyo, kwani baadaye jua huwa kali na watu huwa wengi.

Kitu cha kwanza kuonekana ni piramidi ambayo Wahispania waliiita El Castillo, yaani ngome, ingawa haikuwa ngome. Ilikuwa hekalu la Kukulkan, nyoka mwenye manyoya ya ndege. Urefu wake ni kama mita 30. Kila upande una ngazi ya vidato 91. Pande nne ni vidato 364, na kidato cha juu, kwenye mlango wa hekalu, hukamilisha 365, hesabu ya siku za mwaka. Kupanda kumekatazwa. Siku za mwezi wa Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana, jua la alasiri hutupa kivuli cha pembetatu ubavuni mwa ngazi ya kaskazini, nacho huonekana kama mwili wa nyoka anayeshuka kuelekea kichwa cha jiwe kilichochongwa chini.

Hapo kiongozi wa watalii hupenda kupiga makofi, na piramidi hurudisha mwangwi unaofanana na mlio wa ndege. Mwangwi huo ni wa kweli. Kwamba wajenzi waliukusudia, hilo halijathibitishwa. Kiongozi mwema ni yule anayetenganisha mambo hayo mawili mbele ya wageni wake.

Jambo kubwa zaidi halionekani kwa macho. Mwaka wa 2015 wataalamu wa Meksiko, wakitumia vyombo vya kupima umeme wa ardhini, walitangaza kwamba chini ya piramidi hiyo kuna pango la maji. Mlima huu wa mawe, basi, umesimama juu ya maji. Baada ya habari hiyo, jina "kinywani mwa kisima" linapata uzito ambao mgeni hakuutazamia.

Tukumbuke pia zama zenyewe. Katika karne ya 9 miji mikubwa ya kusini, kama Tikal na Palenque, ilikuwa ikiachwa na watu wake. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo vita na ugomvi wa watawala, na uchunguzi wa mawe ya mapangoni na matope ya maziwa umeonyesha kwamba ukame mkali ulikuwa mmoja wao. Wakati huo huo Chichén Itzá ilikuwa ikistawi, katika nchi ipatayo mvua chache kuliko kusini. Haikuwa na mto, lakini ilikuwa na visima ambavyo chini yake maji hayakukauka.

4. Njia nyeupe na Senote Takatifu

Mji ulikuwa na senote mbili kuu. Moja, iitwayo Xtoloc, ilikuwa ya kuteka maji ya matumizi ya kila siku. Ya pili ni Senote Takatifu, iliyo mwisho wa barabara ya mawe inayotoka kwenye uwanja mkuu. Wamaya huita barabara ya namna hiyo sakbe: sak ni nyeupe, be ni njia. Senote Takatifu ina upana wa kama mita 60, na kuta zake hushuka wima zaidi ya mita 20. Hakuna ngazi, na hakuna anayeruhusiwa kuogelea. Hapa watu walikuja kumwomba Chaac, mungu wa mvua.

Kuanzia mwaka wa 1904 Edward H. Thompson, Mmarekani aliyekuwa amelinunua shamba lenye magofu hayo, alizoa matope ya senote kwa mashine. Zilitoka dhahabu, shaba, vito vya kijani, utomvu wa kufukizia mithili ya sandarusi, na mifupa ya watu. Vitu vingi vilipelekwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, na baadhi tu vilirudishwa Meksiko baadaye.

Kwa miaka mingi wageni walisimuliwa kwamba waliotoswa humo walikuwa wanawali wazuri. Mifupa haikubaliani na hadithi hiyo: imo ya wanaume, ya wanawake na ya watoto. Mwaka wa 1967, karibu na senote hiyo, iligunduliwa hifadhi ya maji ya chini ya ardhi yenye mabaki ya watoto zaidi ya mia. Mwaka wa 2024 yalitangazwa matokeo ya kupima chembe za urithi za watoto 64 miongoni mwao. Wote walikuwa wavulana, baadhi yao walikuwa ndugu wa karibu, na kulikuwa na jozi mbili za mapacha wa kufanana. Wapimaji walilinganisha chembe hizo na za wakazi wa leo wa Tixcacaltuyub, kijiji cha Wamaya katika jimbo hilo hilo, wakaona undugu unaoendelea. Matokeo haya yanaturudisha kwa yule anayetuongoza njiani.

5. Watu waliosemwa wametoweka

Mara nyingi mgeni huuliza: "Wamaya walikwenda wapi?" Mara nyingi anayeulizwa ni Mmaya. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2020 ilionyesha kwamba wasemaji wa Kimaya cha Yucatán nchini Meksiko ni zaidi ya 770,000. Miji iliachwa, lakini watu hawakutoweka.

Kilichopotezwa ni vitabu. Mwezi wa Julai 1562, katika mji wa Maní, padre Diego de Landa alichoma moto vitabu vya Wamaya akisema ni vya shetani. Vinavyojulikana kubaki leo ni vinne tu: vitatu vimehifadhiwa Dresden, Madrid na Paris, na cha nne, ambacho uhalali wake ulithibitishwa mwaka wa 2018, kiko Meksiko. Hata hivyo Landa huyo huyo aliandika orodha ya alama chache za Wamaya pamoja na sauti zake kama alivyozielewa. Mwaka wa 1952 Yuri Knorozov, mtaalamu wa Urusi, aliitumia orodha hiyo kuonyesha kwamba alama nyingi huandika silabi. Aliyechoma maktaba aliacha pia ufunguo. Lakini ufunguo peke yake usingefungua kitu, kama lugha isingalikuwa bado vinywani mwa watu, kwa maana silabi husomeka pale tu maneno yanapojulikana.

6. Mchana: ndani ya maji

Baada ya magofu wageni wengi hupelekwa Ik Kil, senote iliyo kilomita chache tu kutoka hapo. Ngazi iliyochongwa katika mwamba huteremka hadi maji, yaliyo kiasi cha mita 26 chini ya ardhi. Mizizi ya miti huning'inia kutoka ukingoni, na kambale weusi hupita kimya chini ya waogeleaji.

Kabla ya kuteremka, mgeni huamriwa kuoga na kujitoa mafuta ya kuzuia jua. Wengine huona amri hiyo ni usumbufu, lakini aliyefuata maelezo ya hapo juu ataielewa mara moja. Maji ya senote hayana kizuizi kinachoyatenga na maji mengine. Mwamba una matundu, na njia za chini ya ardhi huunganisha mahali na mahali. Maji hayo ya chini ndiyo karibu pekee yanayonywewa katika sehemu hiyo ya rasi. Mafuta ya mwilini, maji machafu ya hoteli, samadi ya mifugo na dawa za mashambani vyote huelekea huko. Reli ya Tren Maya, iliyoanza kazi mwezi wa Desemba 2023, ilizua mabishano makali kwa sababu hiyo, hasa pale nguzo zake zilipopenyezwa katika mapango kati ya Cancún na Tulum.

7. Hitimisho

Tuliyoyaeleza yanaweza kufupishwa kwa neno moja la ushauri. Anayekwenda Chichén Itzá amwombe kiongozi, kabla ya kutazama jiwe lolote, amtamkie jina la mji kwa Kimaya na kumweleza sehemu zake. Katika jina hilo atasikia kinywa, atasikia kisima, na atasikia watu. Kisha atakaposhuka ndani ya maji mchana, atajua kwamba hakutoka katika magofu kwenda kwenye burudani. Amefika kwenye kisima kilichoufanya mji uwepo, ambacho watoto wa wajenzi wake wanakinywea hadi leo.