Mashabiki walibishana miaka mingi kuhusu kamanda, kumbe alikuwa mgonjwa

Ubishi wa tamthilia ni jambo la kawaida sebuleni. Baba anataka taarifa ya habari, mama anasubiri kuona kama yule mkwe wa kwenye tamthilia ya Kituruki atafukuzwa, na watoto wanalalamika kuwa katuni yao inapita. Mara nyingi ubishi huo huisha pale mwenye rimoti anapotoka.

Wapo hata hivyo watu ambao ubishi wao wa tamthilia hauishi. Hao ni mashabiki wa tamthilia za kubuni za kisayansi, zile za vyombo vya anga, roboti na viumbe wa sayari nyingine. Ukiwauliza ipi ni bora, ni sawa na kuuliza habari za Simba na Yanga kwenye kijiwe cha kahawa. Utaondoka kahawa imepoa.

Moja ya mabishano yao makubwa lilianzia Marekani mwaka 1993, na hadi leo halijapata mshindi. Upande mmoja wamo wapenzi wa Star Trek: Deep Space Nine, na upande wa pili wapenzi wa Babylon 5.

Unaweza kuuliza mabishano hayo yanahusu nini afya na familia. Ukizisikiliza hoja zao utagundua kwamba wanachogombania ni mambo ya nyumbani kabisa: baba anatakiwa kulea vipi, daktari afanye nini mzazi anapokataa mwanawe atibiwe, na tunamhukumu vipi mtu ambaye hatujui anapitia nini.

Vituo viwili, mwaka mmoja

Tuanze na chimbuko. Star Trek ya kwanza ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 8, 1966. Sisi wa Kiswahili tuna undugu nayo, kwani ofisa wake wa mawasiliano, mwanamke mweusi aliyeigizwa na Nichelle Nichols, aliitwa Uhura. Jina hilo lilitokana na neno letu, uhuru.

Tamthilia hiyo ilidumu misimu mitatu tu, lakini baadaye ilizaa nyingine. Mmoja wa watoto hao ni Deep Space Nine, iliyoanza Januari 1993 na kumalizika 1999 baada ya misimu saba. Februari mwaka huohuo wa 1993 ikaonyeshwa filamu ya utangulizi ya Babylon 5, na mwaka uliofuata tamthilia yenyewe ikaanza.

Zote mbili zinahusu kituo kikubwa cha anga za juu ambako watu na viumbe wa mataifa mbalimbali hukutana kufanya biashara na kusuluhishana. Zote zilianza na kamanda mwenye majeraha ya vita moyoni. Na mtunzi wa Babylon 5, J. Michael Straczynski, alikuwa amepeleka wazo lake kwa kampuni ya Paramount kabla kampuni hiyo haijaanza kutengeneza Deep Space Nine.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Wapenzi wa Babylon 5 walisema wameibiwa. Wenzao wakajibu kuwa kituo cha anga si mali ya mtu, na kwamba kadiri misimu ilivyokwenda hadithi hizo mbili zilichukua njia tofauti. Straczynski mwenyewe hakwenda mahakamani.

Hoja ya pili ilikuwa ufundi. Babylon 5 ilipangwa tangu mwanzo kama riwaya moja ya miaka mitano, yenye mwanzo, katikati na mwisho. Kati ya sehemu zake 110, Straczynski aliandika 92 kwa mkono wake. Mashabiki wake hujivunia kwamba jambo dogo lililotajwa msimu wa kwanza linaweza kuja kulipuka msimu wa tatu. Deep Space Nine iliandikwa na timu ya waandishi, na kwa muda mrefu kila sehemu ilisimama peke yake kabla haijaingia kwenye simulizi ndefu ya vita. Wapenzi wake wanasema kwamba kwa sababu hiyo walipata nafasi ya kukaa na wahusika, kuwaona wakila, wakigombana na wakilea watoto.

Baba aliyeahidi kurudi

Katika malezi, hata wapenzi wengi wa Babylon 5 hukubali kuwa wenzao wana karata nzuri. Kamanda wa Deep Space Nine ni Benjamin Sisko, aliyeigizwa na Avery Brooks. Mke wake alikufa vitani, naye anamlea peke yake mwanawe wa kiume, Jake. Anapika. Anamkumbatia mwanawe mbele za watu. Jake anapomwambia kuwa hataki kuwa mwanajeshi kama yeye, baba anamwacha achague njia yake, na kijana anakuwa mwandishi.

Kwa televisheni ya Marekani ya miaka ya 1990, baba mweusi wa namna hiyo hakuwa jambo la kila siku, na Brooks alilijua hilo. Katika sehemu ya mwisho, Sisko anakwenda kuishi na viumbe wanaoitwa Manabii, akimwacha mke wake wa pili, Kasidy, akiwa mjamzito. Awali iliandikwa kana kwamba hatarudi tena. Brooks aliwaambia waandishi kuwa picha ya mwanaume mweusi anayemwacha mke mwenye mimba haimkai moyoni. Wakabadilisha, na Sisko akamwahidi mkewe kwamba atarudi.

Wapo mashabiki wanaoona mwisho wa awali ungekuwa mzito zaidi kisanaa. Wapo wanaosema Brooks aliona mbali, kwa sababu mtoto anayetazama huondoka na picha ya baba kichwani kuliko usanii wa mwandishi. Hebu liulize swali hilo mezani kwako wakati wa chakula cha jioni. Utashangaa nani atasema nini.

Madaktari wawili, majibu mawili

Kwangu, niandikaye habari za afya, ubishi mtamu zaidi uko kwenye zahanati za vituo hivyo.

Babylon 5 inaye Dk Stephen Franklin, aliyeigizwa na Richard Biggs. Katika sehemu ya mwaka 1994 iitwayo Believers, analetewa mtoto anayeweza kupona kwa upasuaji wa kawaida tu. Wazazi wanakataa. Imani yao inasema mwili ukipasuliwa, roho hutoka na haitarudi. Daktari anabembeleza, anakwenda kwa kamanda kuomba ruhusa, na kamanda anakataa kuwalazimisha wazazi. Mwishowe Franklin anafanya upasuaji kwa siri. Mtoto anapona na anaamka akitabasamu. Wazazi, wakiamini kuwa aliyebaki ni ganda lisilo na roho, wanamuua.

Hakuna mwisho mwema hapo. Mwandishi wa sehemu hiyo, David Gerrold, ndiye aliyeandika mojawapo ya sehemu za kuchekesha zaidi za Star Trek ya miaka ya 1960. Wapenzi wa Babylon 5 huitoa kama ushahidi kuwa tamthilia yao haimdanganyi mtazamaji. Wapinzani wao husema ni ukatili usio na faida.

Deep Space Nine inaye Dk Julian Bashir, aliyeigizwa na Alexander Siddig, mzaliwa wa Sudan. Katika sehemu ya mwaka 1996 iitwayo The Quickening, anafika kwenye sayari ambayo kila mtu huzaliwa na ugonjwa usio na tiba. Bashir ni kijana mwenye kujiamini, anadhani ataumaliza kwa siku chache. Vifaa vyake vinauchochea ugonjwa na wagonjwa wanakufa mbele yake. Anashindwa kupata tiba. Lakini mjamzito mmoja aliyejitolea kuendelea na dawa anajifungua mtoto asiye na ugonjwa. Mama anafariki, na daktari anabaki na chanjo ya kuwakinga watoto walio tumboni.

Miaka miwili kabla ya sehemu hiyo, yaani 1994, utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa ulikuwa umeonyesha kuwa dawa ya AZT ikitumiwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi na mtoto wake mchanga, hupunguza maambukizi kwa mtoto kwa takriban theluthi mbili. Hakukuwa na tiba, lakini mtoto aliweza kukingwa. Yeyote aliyekaa kliniki ya wajawazito hapa kwetu anaelewa uzito wa habari hiyo bila kuambiwa.

Nani yuko sahihi kati ya madaktari hawa? Mashabiki wamegawanyika. Mimi naona kila mmoja amebeba nusu ya ukweli wa hospitali zetu. Kuna siku kikwazo ni dawa kutokuwepo. Kuna siku dawa ipo, daktari yupo, na kikwazo ni kwamba hakuna aliyekaa chini na wazazi mpaka wakaelewana. Franklin alikuwa bingwa wa kisu, lakini mbele ya wazazi wale alikwama.

Siri ya kamanda

Sasa tuje kwenye ubishi uliochukua miaka mingi kuliko yote, nao uliwagawa wapenzi wa Babylon 5 wenyewe kwa wenyewe.

Msimu wa kwanza kamanda alikuwa Jeffrey Sinclair, aliyeigizwa na Michael O'Hare. Msimu wa pili ulipoanza, alikuwa ameondoka, na nafasi yake kuchukuliwa na John Sheridan, aliyeigizwa na Bruce Boxleitner. Taarifa iliyotolewa ilikuwa kwamba wameachana kwa makubaliano.

Mashabiki wakaanza. Wengine walisema afadhali, maana O'Hare alikuwa mkavu, anaongea kama mtu anayesoma tangazo. Wengine walimtetea kuwa ukimya wake ulifaa kwa askari aliyeumizwa na vita. Wakakisia kwamba amefukuzwa, au amegombana na wakubwa, au watazamaji hawakumtaka. Miaka ikapita, yeye mwenyewe hakusema neno.

O'Hare alifariki Septemba 2012 akiwa na umri wa miaka 60. Mwaka uliofuata, Straczynski alisimama mbele ya mkutano wa mashabiki mjini Phoenix na kueleza kilichotokea.

Wakati wa kurekodi msimu wa kwanza, O'Hare alikuwa anaugua ugonjwa wa akili. Alianza kuamini mambo ambayo hayapo na kuhisi watu wana njama dhidi yake, na hali ilizidi kuwa mbaya huku akiendelea kufika kazini kila siku. Straczynski alimwambia yuko tayari kusimamisha kazi kwa miezi kadhaa ili atibiwe. O'Hare alikataa. Tamthilia ilikuwa changa, na ikisimama wenzake wangepoteza ajira. Akamaliza msimu, akaondoka, akatafuta matibabu. Alipopata nafuu alirudi kwa muda mfupi ili kisa cha Sinclair kipate hitimisho lake.

Straczynski alimwahidi kuwa atakwenda na siri hiyo kaburini. O'Hare akamjibu kuwa aitunze hadi kaburi lake yeye, O'Hare, halafu aiseme, kwa sababu huenda ikamsaidia mtu mwingine.

Baada ya hapo, wengi waliirudia misimu ile kwa macho mengine. Ule waliouita ukavu sasa waliuona kama jitihada za mtu anayejikaza asimame. Bado wapo wanaompenda Sheridan zaidi, na hiyo ni haki yao. Lakini maneno kama "hajui kuigiza" yamekuwa mazito kuyatamka.

Turudi nyumbani

Kila familia ina Sinclair wake. Ni kijana aliyekuwa mchangamfu na sasa hasemi na mtu. Ni shangazi anayesema majirani wanamfuatilia. Ni mume ambaye kazi imeshuka na usingizi umekata. Tunamwita mvivu, tunasema anaringa, au tunaanza kutafuta aliyemroga, na miezi inapita.

Wataalamu wa afya ya akili husisitiza mambo machache. Mabadiliko ya tabia yanayodumu kwa wiki kadhaa yasipuuzwe, hasa mtu akianza kujitenga, kukosa usingizi, kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini kuwa anafuatwa. Usibishane naye kumthibitishia kuwa anakosea. Msikilize kwanza, mwambie unaona anateseka, kisha mpeleke kituo cha afya mapema. Matibabu yapo, ya dawa na ya ushauri nasaha, na wengi hupata nafuu na kurudi kazini. Akizungumzia kujidhuru, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Na kwa wazazi wenye vijana wanaokesha na tamthilia za anga: kabla ya kuzima televisheni, keti naye sehemu moja. Muulize anampenda nani na kwa nini. Kijana ambaye hawezi kukuambia "baba, mimi sijisikii vizuri" anaweza kukueleza kwa nusu saa kwa nini anamwonea huruma kamanda fulani. Ukimsikiliza hadi mwisho, huenda ukasikia na habari zake mwenyewe.