Kabla Hujanunua Betri Nyingine: Jinsi ya Kumnasa Mwizi wa Volti

Gari lina miaka 20 na kitu. Asubuhi unageuza ufunguo, linatoa sauti moja tu, "tak", halafu kimya. Jirani anapita na hukumu yake: "Betri hiyo imekufa." Unanunua mpya, gari linawaka vizuri, na baada ya wiki mbili unasikia "tak" tena. Sasa unaambiwa ni starta.

Usitoe hela kwanza. Tuongee fizikia kidogo, ile ile ya kidato cha pili, maana hapa ndipo inapolipa.

Bomba lenye uchafu

Chukua mpira wa kumwagilia maji ulioziba nusu kwa matope. Ukifunga bomba la mwisho, msukumo wa maji ndani ya mpira uko sawa kila mahali, hutajua kama kuna tatizo. Ukifungua, yanatoka matone. Uchafu unaonekana pale tu maji yanapotembea.

Umeme una tabia hiyo hiyo. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm alichapisha kanuni tunayoiandika hivi: volti inayopotea ni sawa na mkondo mara ukinzani. Mkondo ukiwa sifuri, kinachopotea ni sifuri, hata kama waya umeoza kiasi gani. Ndiyo maana unaweza kupima waya mbovu ukapata volti 12 safi kabisa, ukauachilia, na ndiye mwizi mwenyewe.

Sasa tupige hesabu. Starta ya gari dogo inaweza kuvuta ampea 150 hivi. Tuseme kibano cha betri kina kutu kidogo, ukinzani wake ni omu 0.02 tu. 150 mara 0.02 ni volti 3. Volti 3 kati ya 12 zimeishia kwenye kibano! Na hazipotei bure: 150 mara 3 ni wati 450, karibu nusu ya pasi ya umeme, zote zinageuka joto mahali padogo. Kibano kikipata moto baada ya kupiga starta mara kadhaa, umeshapata ushahidi. Kiguse kwa tahadhari tu, kinaweza kuunguza.

Utauliza, si nipime huo ukinzani moja kwa moja kwa multimita? Haitakusaidia. Nyaya za multimita ya kawaida zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko omu 0.02. Na ile sauti ya "piii" inayoonyesha waya haujakatika inalia hata kama umebaki uzi mmoja wa shaba. Hapa fundi wako wa mtaani mwenye balbu na nyaya mbili ana akili kuliko tunavyomdhania. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea 2, kwa hiyo inaufanyisha waya kazi kweli. Waya mbovu sana, balbu itafifia.

Kwa nini magari ya zamani?

Kwenye gari, waya wa kurudi kwenye betri mara nyingi haupo. Bodi lenyewe la chuma ndilo linalorudisha umeme, na mafundi huita njia hiyo ethi. Waya mmoja unatoka betri kwenda kwenye bodi, mwingine unaunganisha bodi na injini. Kila boliti hapo ni mahali ambapo metali mbili tofauti zinakutana. Weka miaka 20 ya mtikisiko, joto na matope, na kama uko Tanga au Mombasa ongeza hewa ya chumvi. Kutu inajipenyeza katikati, na kutu haipitishi umeme vizuri.

Ethi mbovu ina vituko. Unawasha indiketa, taa ya breki nayo inakonyeza. Si majini: umeme umekosa njia ya kurudi pale nyuma, ukaamua kupitia nyuzi za balbu nyingine. Ukiona taa za upande mmoja zinachanganyikiwa hivyo, anza na boliti ya ethi ya upande huo kabla ya kununua balbu.

Upimaji wenyewe

Unahitaji multimita, uiweke kwenye volti 20 za DC, na mtu wa kugeuza ufunguo. Handibreki juu, gia iwe P au huru, mikono na nguo mbali na feni na mikanda.

1. Betri iliyopumzika usiku kucha isome karibu volti 12.6. Ikiwa 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 iko hoi. Ichaji kwanza, la sivyo vipimo vinavyofuata vitakudanganya.

2. Gusa vinundu vya risasi vya betri vyenyewe, siyo vibano. Mwenzako apige starta. Ikishuka chini ya 9.6, betri ni dhaifu au starta inavuta kupita kiasi. Ikibaki juu ya 12 huku starta imegoma, mkondo hautembei. Njia imeziba mahali, au starta ndiyo mbovu.

3. Kalamu nyekundu kwenye kinundu cha chanya, nyeusi kwenye boliti kubwa ya starta inakoingia waya mnene. Kabla ya kupiga starta itasoma sifuri. Ikipigwa, namba unayoiona ndiyo volti inayoibwa njiani. Isizidi 0.5.

4. Nyeusi kwenye kinundu cha hasi, nyekundu kwenye chuma kisafi cha injini. Piga starta. Isizidi 0.3.

Ukikuta volti 1 au zaidi, mwizi yuko kati ya kalamu zako. Sogeza kalamu moja hatua kwa hatua: kinundu hadi kibano, kibano hadi waya, waya hadi bodi, bodi hadi injini. Pale namba inaporuka, ndipo penyewe. Hatua ya 3 na ya 4 zikiwa safi na betri nzima, hapo sasa starta ana kesi ya kujibu.

Kabla ya kusafisha, fungua hasi kwanza, na ukirudisha iwe ya mwisho. Mwagia maji ya moto ule unga mweupe au wa kijani, kausha, sugua kwa msasa mpaka metali ing'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake.

Na ile betri mpya iliyofanya kazi wiki mbili? Huenda kilichosaidia ni kule kufungua na kufunga vibano, ambako kulikwangua uchafu kidogo. Betri ya zamani labda ilikuwa nzima.

Moja ambalo si la mzaha

Fyuzi ikiungua mara kwa mara, kuna mtu atakushauri uweke kipande cha waya au karatasi ya sigara. Kataa. Fyuzi ya ampea 10 imewekwa ili iungue yenyewe kabla ya waya. Ukiiondoa, kinachofuata kuungua ni waya uliopita chini ya zulia, nyuma ya dashibodi, karibu na miguu ya abiria. Fyuzi inayoungua mara nyingi inakuambia kuna waya umechubuka na kugusa bodi. Utafute huo waya, au mpelekee fundi mwenye balbu yake.

Ukienda kwa fundi, mwombe apime starta ikiwa inapigwa, na akuonyeshe namba. Akisema "badilisha" bila kupima chochote, una haki ya kuuliza kwa nini.