Mapato na matumizi yasomwe hadharani

Kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, mwenye kauli kuu kijijini Tanzania ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Mwenyekiti na halmashauri yake, yenye wajumbe 15 hadi 25, wanawajibika kwa mkutano huo.

Uongozi bora hupimwa hapo. Ofisa mtendaji anasimama chini ya mwembe, anasoma mapato na matumizi: ushuru uliokusanywa, mifuko ya saruji iliyonunuliwa, fedha iliyobaki. Mama mmoja ananyoosha mkono kudai risiti. Kiongozi mwadilifu humwonyesha bila kununa.

Mikutano hiyo hupaswa kufanyika kila miezi mitatu. Kwenu ikikawia, mwulizeni mwenyekiti.