Majengo: nyumba yako, ardhi si yako

Ukiacha makelele ya soko la Gikomba jijini Nairobi na kuingia Majengo, Pumwani, kitu cha kwanza kubadilika ni salamu. Vijana wanampa mama shikamoo kabla ya kuagiza mahamri. Mama yuko barazani, karai mbele yake, sufuria ya mbaazi imefunikwa pembeni. Nyuma yake ni nyumba ya fito na udongo, bati limeshika kutu. Ukumbi umepita katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, na uani bomba moja la wote.

Watu wengi wa Nairobi huita hapa mtaa wa mabanda, basi. Ni dhuluma kusema hivyo. Majengo ni kisiwa cha Waswahili katikati ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, na waliokijaza waliletwa kwa amri.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, wapagazi, askari na wachuuzi wa kila kabila walijijengea vijiji: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini. Uislamu na Kiswahili vikawafanya ndugu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ikatenga Pumwani, ng'ambo ya mto, iwe mahali pa Waafrika, zama zilezile wanaume walipovishwa kipande, hati ya utambulisho, shingoni. Vijiji vikavunjwa kimoja baada ya kingine. Pangani, alikokamatwa mpinga ukoloni Harry Thuku mwezi Machi 1922, ndiyo iliyoshikilia kwa muda mrefu zaidi. Kufikia mwaka 1939 nayo ilikuwa imebomolewa, na wakazi wake wengine wakahamishiwa Shauri Moyo, mtaa jirani na Pumwani.

  

Wanaostahili kukumbukwa zaidi ni wanawake. Walikuja mjini peke yao, baadhi wakikimbia ndoa, wakauza chakula, pombe, na wengine miili yao. Akiba ikageuka nyumba. Mwanahistoria Luise White aliwahoji wazee wa Pumwani na kuandika habari zao katika kitabu alichotoa mwaka 1990. Mwanamke asiyeruhusiwa kurithi shamba la baba yake alimiliki vyumba Pumwani, akawapangisha wanaume, akachagua mwenyewe atakayemrithi. Mji uliowaita wanawake hawa wahuni ulilaza wafanyakazi wake katika vyumba vyao.

Ila nyumba tu ndiyo iliyokuwa yao. Kiwanja kilibaki cha manispaa, na kodi ya ardhi ililipwa na vizazi vilivyofuata bila hati miliki mkononi. Uhuru wa mwaka 1963 haukuligusa jambo hilo, na mimi naliona kuwa deni kubwa kuliko yote ambayo jiji linadaiwa na watu wa Majengo.

Sehemu ya nyumba za udongo sasa imegeuka maghorofa. Shauri Moyo nako kumetajwa katika mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Mjukuu wa bibi aliyejenga vyumba sita ataandikwa vipi katika orodha ya watakaopewa nyumba mpya: mwenye nyumba, mpangaji, au mwombaji kama mtu mwingine yeyote? Wanaoandaa orodha hiyo wanapaswa kumjibu kabla tingatinga halijawashwa.