Uzoefu Unapovuka Mpaka: Leseni ya Tabibu wa Mgongo katika Nyanda za Juu Kusini

Kiropraktiki ni tiba inayoshughulikia maradhi ya viungo, misuli na mishipa ya fahamu, hususani yale ya uti wa mgongo, kwa kutumia mikono badala ya dawa au upasuaji, na chimbuko lake ni mji wa Davenport katika jimbo la Iowa, Marekani, ambako Daniel David Palmer aliianzisha mwaka 1895. Kansas lilikuwa jimbo la kwanza kutunga sheria ya kuwapa leseni matabibu wa fani hiyo, mwaka 1913, na Louisiana likafunga mlolongo mwaka 1974. Kwa kuwa kila jimbo lina bodi yake, tabibu aliyetibu kwa miaka 20 upande mmoja wa mto huhesabiwa mgeni akihamia ng'ambo ya pili, na bodi inayompokea hulazimika kuamua iwapo itamrudisha kwenye mitihani ya wanafunzi au itamwamini kwa kazi aliyokwisha kuifanya.

Bodi nyingi za Marekani zimechagua njia ya katikati. Huikubali leseni ya zamani, mradi mwombaji awe ametibu kwa muda uliotajwa na asiwe na adhabu ya kinidhamu, na pale zinapotaka uthibitisho zaidi, bodi ya taifa ya mitihani, iliyoanzishwa mwaka 1963, ina mtihani maalumu kwa ajili ya wale waliokwisha kuwa na leseni, ambao haurudii masomo ya msingi ya darasani bali hupima uamuzi wa tabibu mbele ya mgonjwa. Afrika Kusini inaisimamia fani hii chini ya sheria ya mwaka 1982 na kuifundisha katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg, ilhali Uingereza iliipa baraza lake kwa sheria ya mwaka 1994.

Tanzania haina baraza la kiropraktiki, wala chuo kikuu kinachoifundisha fani hiyo, na kwa sababu hiyo kila anayetaka kuitoa Mbeya au Iringa ni mtu aliyesomea nje, awe mgeni au Mtanzania aliyerejea. Jambo ambalo katika nchi nyingine ni suala la wachache wanaohama, hapa ndilo suala zima la leseni. Sheria zilizo karibu naye ni mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, iliyounda baraza la kusajili waganga wa jadi pamoja na watoaji wa tiba zisizo za jadi ya hapa wala za hospitali. Ya pili ni Sheria ya Wataalamu wa Udaktari, Meno na Afya Shirikishi, Na. 11 ya mwaka 2017, inayosimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, ambayo inamhusu daktari na wale wanaofanya kazi sambamba naye hospitalini. Tabibu asiye na shahada ya udaktari wa binadamu, hata kama shahada yake ya kiropraktiki humpa jina la udaktari huko alikotoka, yuko karibu zaidi na sheria ya kwanza. Daktari wa hospitali aliyejiongezea elimu ya kiropraktiki, kinyume chake, hawezi kulikwepa baraza la pili. Kibao chenye neno «Daktari» pasipo maelezo mengine humpotosha mgonjwa, na ni vema neno hilo litumiwe kwa uangalifu.

Msomaji asidhani kwamba mpaka ni ule wa nje tu. Afya si jambo la Muungano, na ndiyo maana jina la baraza la madaktari hutaja Tanganyika na si Tanzania. Mtaalamu aliyesajiliwa Zanzibar anayehamia Iringa huyafuata masharti ya upande anaohamia, kama afanyavyo anayetoka bara kwenda visiwani.

Kuhusu majirani, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuane vyeti vya taaluma, na tayari wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wametiliana saini makubaliano ya namna hiyo. Kwa maandishi, basi, tabibu wa ng'ombe ana njia nyepesi ya kuvuka mpaka kuliko tabibu wa mgongo wa binadamu. Zaidi ya hayo, mipaka iliyo karibu na Mbeya ni Tunduma, inayoelekea Zambia, na Kasumulu, inayoelekea Malawi, na nchi hizo mbili hazimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo itifaki hiyo haimsaidii mtaalamu anayetoka Lusaka au Lilongwe.

Nyanda za Juu Kusini zimezoea kupokea wataalamu wa kigeni kupitia makanisa. Hospitali kama Tosamaganga na Ilula katika mkoa wa Iringa zimepokea madaktari kutoka Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na desturi hiyo ilipata nguvu zaidi baada ya sheria ya mwaka 1977 kupiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara, marufuku iliyoondolewa mwaka 1991, kwa kuwa hospitali za mashirika ya dini ziliruhusiwa kuendelea. Hata leo Sheria ya Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inatenga kibali cha kazi cha daraja B kwa taaluma zilizotajwa na cha daraja D kwa shughuli za dini na hisani. Hata hivyo, kibali cha kazi si leseni: hicho humruhusu mtu kuajiriwa, nayo humruhusu kumgusa mgonjwa, na mtaalamu wa kujitolea aliyekuja na kikundi cha usharika kwa wiki mbili anahitaji vyote viwili sawasawa na anayekuja kuishi.

Lakini hoja nzito kuliko zote ni ya kitabibu. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka tabibu kamili wa kiropraktiki awe amesoma miaka minne kwa saa zisizopungua 4,200, zikiwamo 1,000 za kutibu chini ya usimamizi, na mwongozo huohuo ukataja hali ambazo katika hizo ni mwiko kuusukuma au kuunyoosha uti wa mgongo. Mojawapo ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, yaani bakteria wa kifua kikuu kuhamia kwenye pingili na kuzila taratibu, kiasi kwamba msukumo wa mkono unaweza kuiponda pingili iliyodhoofika na kumpoozesha mgonjwa. Kifua kikuu humwandama zaidi mwenye maambukizi ya VVU, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi hayo kwa asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4.

Tabibu aliyekaa miaka 15 Toronto ameona migongo iliyochoshwa na viti vya ofisini. Mchuma chai wa Mufindi, kijana anayebeba magunia ya lumbesa katika masoko ya viazi, na dereva wa bodaboda aliyeanguka barabara ya Tukuyu wana maumivu ya aina nyingine, na miongoni mwao yupo ambaye maumivu yake hayakutokana na kazi hata kidogo. Uzoefu wa tabibu huyo ni wa kweli, ila ni uzoefu wa maradhi ya mahali fulani, na haumwandai kumshuku msichana mwembamba wa miaka 24 anayelalamika mgongo kwa miezi mitatu. Tena huko alikotoka huenda alipiga mwenyewe picha za eksirei za wagonjwa katika zahanati yake. Hapa kazi ya picha ina wataalamu wenye baraza lao, na mitambo ya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki.

Mtihani wa anatomia kwa mtu wa namna hiyo ni kumpotezea muda. Baraza linalompokea tabibu linapaswa kwanza kupata cheti cha mwenendo mwema wa kitaaluma moja kwa moja kutoka kwa mamlaka iliyomsajili mara ya mwisho, bila karatasi hiyo kupita mikononi mwa mwombaji, kwa sababu wapo wanaohama kwa kuwa wamefungiwa walikotoka. Kisha limpe usajili wa muda na kumweka kwa miezi kadhaa chini ya wataalamu wa hospitali ya rufaa, Mbeya au Iringa, ambako atajifunza kutambua kifua kikuu cha pingili, kuuliza kwa Kiswahili kuhusu ganzi na kushindwa kuzuia haja, na kujua wakati wa kuondoa mikono na kuandika rufaa. Hatua hiyo ya pili ndiyo isiyofaa kufupishwa, hata kwa mwenye miaka 30 ya kazi.

Mgonjwa naye ana haki ya kuomba kuoneshwa leseni ya mwaka husika na jina la baraza lililoitoa. Akilazwa kitandani ili anyooshwe mgongo kabla hajaulizwa kuhusu homa, jasho la usiku na kupungua uzito, ainuke na kwenda hospitali.