Kijana wa Mbagala aliyefika Wembley

Mzazi wa Kisauni au Changamwe akimwona mwanawe anatoka na viatu vya mpira begani huanza kugomba: "Mpira utakulisha?" Usimlaumu sana. Wasaka vipaji wa Ulaya hawapandi feri ya Likoni.

Wala Mbagala hawakuonekana, kusini mwa Dar es Salaam, alikokulia Mbwana Samatta, aliyezaliwa mwaka 1992. Alianza na timu ya Mbagala Market, ambayo baadaye iliitwa African Lyon, kisha akaenda Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya klabu bingwa Afrika. Simba ilishindwa, lakini Wakongo waliondoka na Samatta!

Huko alikaa miaka minne na ushei. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika, naye akaifungia mabao saba. Januari 2016 alitangazwa mchezaji bora miongoni mwa wanaocheza barani, ndipo Genk ya Ubelgiji ikamchukua akiwa na miaka 23.

Marekani nako, katika besiboli, Mike Piazza alichaguliwa akiwa wa 1,390 mwaka 1988. Mwaka 2016 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa.

Genk ilikuwa bingwa mwaka 2019. Januari 2020 Samatta alijiunga na Aston Villa, Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Machi 1, 2020, katika fainali ya Kombe la Ligi uwanjani Wembley, aliifunga Manchester City kwa kichwa. Villa ilishindwa 2-1.