Faiba Moja kwa Nyumba na Mnara: Hesabu ya Usafirishaji wa Data Kinyerezi

Kinyerezi, upande wa magharibi wa Wilaya ya Ilala, inajulikana nchini kwa mitambo ya kufua umeme kwa gesi inayoletwa kwa bomba kutoka Mtwara, lakini kwa kampuni za simu umuhimu wake ni mwingine: ni eneo la makazi lililopanuka haraka, lenye nyumba zilizotawanyika juu ya vilima na mabonde, ambamo wakazi wengi wanamudu kulipia intaneti ya mwezi huku gharama ya kuchimba mtaro wa faiba mara nyingi ikizidi bei ya faiba yenyewe. Hali hiyo ndiyo iliyoipa nafasi 5G, ambayo Vodacom ilikuwa ya kwanza kuizindua Tanzania mnamo Septemba 2022, kwa kuwa routa isiyotumia waya humfikia mteja bila kungoja mtaro ufike getini kwake. Hata hivyo, mnara wa 5G wenye masafa mapana unaweza kuhitaji zaidi ya gigabiti 1 kwa sekunde, kiasi ambacho viungo vingi vya zamani vya mikrowevu kati ya mnara na mnara haviwezi kukibeba, hivyo kampuni inayouza intaneti bila waya hulazimika kuvuta faiba hadi katikati ya mtaa uleule ambao ilitaka kuuepushia faiba.

Hapo ndipo mtandao wa faiba usiotumia umeme njiani unapoingia katika hesabu. Katika mtandao huo, uzi mmoja hutoka kwenye kituo cha kampuni na kufika katika kigawa mwanga, ambacho mafundi hukiita splita, nacho huutawanya mwanga kwa wateja 32 au 64 bila kuhitaji umeme wala betri, sifa ambayo jiji lililozoea mgawo wa umeme haliwezi kuidharau. Kiwango cha GPON kinachotumika sana majumbani hupeleka gigabiti 2.5 kwa sekunde kwenda kwa wateja na kupokea 1.25 kutoka kwao, zote zikigawanywa baina yao. Kiwango cha XGS-PON, kilichoidhinishwa mwaka 2016, hutoa takriban gigabiti 10 kila upande, kwa hiyo splita moja ingeweza kuhudumia nyumba pamoja na mnara uliosimama nyuma yake.

Kikwazo si umbali. Mwanga ndani ya faiba hutumia takriban mikrosekunde 5 kwa kila kilomita, hivyo hata njia ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji huchukua mikrosekunde 100 tu, yaani sehemu ya kumi ya milisekunde. Tatizo liko katika safari ya kurudi kituoni, kwa kuwa wateja wote hutumia uzi mmoja na hawawezi kuzungumza kwa wakati mmoja: kila kifaa huomba zamu, husubiri jibu, kisha hutuma, na kusubiri huko kunaweza kufikia milisekunde moja au zaidi. Tena, kila kituo kinapotaka kutambua kifaa kipya, vifaa vingine hunyamazishwa kwa takriban mikrosekunde 250, kitu ambacho mtazamaji wa filamu hakihisi kamwe lakini ambacho redio ya simu inaweza kushindwa kukivumilia.

Dawa iliyopendekezwa ni kuwafanya wasimamizi wawili wa zamu wazungumze. Mtambo wa redio ndio unaoiamuru simu itume lini, na katika 4G amri hiyo hutolewa milisekunde 4 kabla ya data yenyewe kufika, kwa hiyo taarifa ya zamu inaweza kupelekwa mapema kwenye kituo cha faiba ili nafasi iwe tayari data inapowasili. Watafiti wa kampuni ya NTT ya Japani walilieleza wazo hilo mwaka 2014, na baadaye muungano wa O-RAN ukaliwekea utaratibu ili vifaa vya watengenezaji tofauti viweze kuelewana. Suala la kunyamazisha hushughulikiwa kwa kutumia rangi nyingine ya mwanga kwa ajili ya usajili.

Swali la kibiashara ni kama Kinyerezi inahitaji dawa hiyo sasa, na jibu la haki ni kwamba kwa sehemu kubwa haihitaji. Mnara wenye mtambo wake kamili unaounganishwa na kiini cha mtandao huvumilia milisekunde kadhaa, na XGS-PON ya kawaida humtosha mwendeshaji, mradi mnara upewe kipaumbele na saa zake zilinganishwe ndani ya mikrosekunde 1.5 kama 5G ya masafa ya kati inavyotaka. Ucheleweshaji usiozidi takriban mikrosekunde 100 huwa sharti pale tu redio inapobaki juu ya mnara na ubongo wake kukusanywa mbali kituoni, mpangilio unaolipa katika Kariakoo au Posta, ambako redio ndogo zingepangwa karibu karibu, kuliko katika mtaa wa nyumba za bustani. Muuzaji wa vifaa anayeushinikiza mpangilio huo kwa pembezoni mwa jiji anauza mapema.

Umiliki ni jambo gumu zaidi. Minara yenyewe imekwisha kutengana na waendeshaji: Helios Towers ilinunua minara ya Tigo kwa mkataba wa mwaka 2010 na ya Vodacom mwaka 2013, na SBA ya Marekani ikachukua zaidi ya 1,400 ya Airtel mwaka 2022. Faiba haikupita njia hiyo. TTCL, shirika la umma linaloendesha Mkongo wa Taifa, huwauzia waendeshaji wengine uwezo wa jumla na wakati huohuo hushindana nao kwa wateja wa majumbani. Redio ya kampuni moja ikitegemea zamu zinazogawiwa na kituo cha mshindani, mkataba wa kukodi utalazimika kutaja mikrosekunde, na kuamua nani analipa zinapopitiliza, pamoja na kasi na saa za kukatika ambazo wanunuzi wamezoea kuzipigania.